Kabla ya Kupiga Dawa: Wadudu Gamba wa Maua na Maadui Zao

  

Tumezoea kuzungumza hapa juu ya mahindi, mihogo na migomba. Leo tutazungumza maua. Najua wapo watakaosema, "Leo bwana shamba kaishiwa, maua hayaliwi." Ngoja kidogo, ndugu yangu. Kwanza, wako watu ambao maua ndiyo yanayowaletea unga nyumbani: wenye vitalu kando ya barabara, wauza miche, na vijana wanaotunza bustani za watu. Pili, bustani ya maua ni mlango. Wadudu wengi wageni waliingia katika nchi za watu wakiwa wamepanda ua la kopo, na wakishaingia hawaishii kwenye maua.

Nitaanza na kisa kilichonipata mwenyewe, maana kilinifundisha zaidi ya nilivyofundishwa darasani.

KITALU CHA MAMA MMOJA

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, mama mmoja aliniita kitaluni kwake. Alikuwa na koliasi za majani ya rangi rangi, lantana za kupandwa kwenye ua, na miche sitini ya mijakaranda. Miche hiyo ya mijakaranda ilikuwa imeshaagizwa na shule moja, na fedha yake ndiyo aliyoitegemea kumlipia mtoto ada.

Nilipofika nilikuta vijiti vya miche vimeganda vidudu vyeupe. Ukiangalia kwa karibu, kila kidudu kilikuwa na magamba ya nta mgongoni, na nyuma yake mkia mweupe wenye mifuo, mfano wa kipande kidogo cha chaki. Majani ya chini yalikuwa yananata kama yaliyomwagiwa chai ya sukari, na juu ya ule unato kulikuwa na weusi kama masizi ya jikoni.

Mimi kijana, bomba la dawa mgongoni, sikuuliza wala sikuchungulia. Nilichanganya dawa kali, ile inayoua wadudu wa kila aina, nikapiga kitalu chote juu na chini. Baada ya siku tatu mambo yalikuwa safi. Mama akanishukuru, akanipa na mche wa waridi. Nikaondoka kifua mbele.

Haukupita muda mrefu akaniita tena. Safari hii wadudu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Mama aliniangalia, akasema taratibu, "Bwana shamba, dawa yako imewalisha."

Sikuwa na jibu. Nikachuchumaa chini nianze kutazama, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Chini ya makopo, kwenye vumbi, niliona vijimbawakawa vidogo vya mviringo, vimekauka, miguu juu. Niliokota mmoja, wa pili, wa tatu. Hao nilikuwa nimewaua mimi. Na ndugu msikilizaji, hao ndio waliokuwa wakimfanyia mama kazi bila ujira.

MDUDU GAMBA NI NANI?

Wadudu gamba ni jamii kubwa ya wadudu wanaofyonza maji ya mimea. Mdomo wao ni kama mrija mwembamba kuliko unywele. Huuchoma kwenye kijiti au jani, kisha hutulia hapo na kunywa. Wengi hawaonekani kuwa wadudu kabisa. Mtu huwaona akadhani ni upele wa gome, au madoa ya chokaa, au kipande cha pamba kilichonasa.

Wapo wenye gamba gumu mfano wa ngao, ambao ukiwakwangua kwa ukucha ngao hutoka na mdudu hubaki chini yake. Wapo wenye mgongo wa nta laini. Vidung'ata, wale weupe wenye unga unga tunaowajua kwenye mihogo na mipapai, ni jamaa zao wa karibu. Na yupo huyu wa kitalu cha mama yule, mwenye mkia kama chaki. Jina lake la kitaalamu lililotumika kwa muda mrefu ni Orthezia insignis. Sisi leo tutamwita otezia, ili tusichoke.

Majike ya wadudu hawa hayana mbawa. Jike la otezia lina miguu na laweza kutembea polepole, lakini mara nyingi limetulia. Ule mkia wake ni mfuko wa nta, na ndani ya mfuko huo mna mayai. Watoto huanguliwa humo humo, wakatoka wakiwa wadogo mno, wakatambaa kutafuta mahali pa kuchoma mdomo. Wakati huo wa utoto ndio wanaosambaa zaidi: kwa upepo, kwa nguo za mtu anayepita, kwa mkasi wa kukatia ua, na zaidi ya yote kwa miche na vipandikizi tunavyopeana.

Sasa elewa kwa nini dawa yangu ilishindwa. Niliwaua wakubwa walioko nje. Mayai yalikuwa yamelindwa ndani ya nta, na maji ya dawa hayakuyafikia. Watoto walipotoka, walikuta nyumba imefagiwa: hakuna adui hata mmoja.

Na ule unato je? Maji ya mmea yana sukari nyingi, lakini vitu vya kujenga mwili ni haba. Kwa hiyo mdudu hulazimika kunywa mengi sana apate kidogo anachokihitaji, na sukari iliyozidi huitoa nyuma kama matone ya asali. Matone hayo hudondokea majani ya chini, na juu yake huota ule ukungu mweusi. Ukungu huo hauli jani, lakini hulifunika lisipate jua. Wadudu wenye ngao ngumu hawatoi asali hii. Kwa hiyo ukiona madoa magumu bila unato, usidhani ni ugonjwa wa gome. Kwangua kwanza utazame.

KWA NINI MGENI HUZIDI MWENYEJI?

Huenda ukajiuliza: mbona huku kwetu kuna wadudu gamba wengi wa asili na hawatusumbui namna hii? Jibu ni kwamba mdudu mwenyeji ana wakwe, majirani na wadeni wake. Wapo wanaomla, wapo wanaotaga ndani ya mwili wake, na upo ukungu unaomuua wakati wa mvua. Mgeni anapokuja amepanda ua la kopo, mara nyingi huja peke yake. Maadui zake wamebaki kwao. Chakula anakipata, wa kumkimbiza hayupo.

Otezia kwao ni nchi za joto za Amerika. Alipewa jina la kitaalamu mwaka 1887, na tangu hapo amesafirishwa pamoja na maua mpaka amefika sehemu nyingi za dunia, Afrika Mashariki ikiwamo. Huku kwetu alipenda sana mijakaranda na lantana, mimea ambayo nayo asili yake ni Amerika. Mgeni kamkuta mgeni mwenzake wa nyumbani!

Watu waligundua zamani kwamba kama mdudu amekuja bila adui yake, dawa mojawapo ni kumfuata huyo adui kwao na kumleta. Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha Marekani, katika jimbo la California. Kwenye mwaka 1868 alionekana huko mdudu gamba mgeni, mwenye mfuko mweupe kama pamba, kwenye miti ya akasia iliyopandwa kwa mapambo. Unaona? Alianzia kwenye miti ya mapambo. Miaka ishirini baadaye alikuwa ameivamia michungwa hata wenye mashamba wakawa wanaing'oa na kuichoma moto.

Kwao mdudu huyo ni Australia. Mwaka 1888 mtaalamu aitwaye Albert Koebele alitumwa huko, akakuta kijimbawakawa chekundu chenye madoa meusi kinamla. Shehena za kwanza zilizofika salama zilikuwa na mbawakawa 129 tu. Waliachiwa kwenye mchungwa mmoja mjini Los Angeles, mti wenyewe umefunikwa kwa hema. Waliusafisha ule mti, hema likafunguliwa, na watu wakaja na vikopo kuchukua mbawakawa wa kupeleka mashambani kwao. Kufikia mwisho wa mwaka 1889 janga lilikuwa limetulia.

MBAWAKAWA ALIYETOKA KENYA KWENDA KUOKOA MTI

Kisa cha pili kinatuhusu sisi wenyewe, maana kimepita katika ardhi ya Afrika Mashariki, na mdudu wake ni huyu huyu otezia.

Huko Mexico yuko mbawakawa mdogo, urefu wake milimita chache tu, mwenye madoa mgongoni. Jina lake la kitaalamu ni Hyperaspis pantherina. Mwaka 1908 alipelekwa visiwa vya Hawaii ili amle otezia. Katika miaka ya 1940 akatolewa Hawaii akaletwa Kenya, kwa sababu mijakaranda ilikuwa inadhoofika na kufa kwa otezia. Alizoea, akazaana, akakaa.

Miaka ikapita. Katika bahari ya Atlantiki, mbali na pwani ya Afrika upande wa magharibi, kipo kisiwa kidogo kiitwacho St Helena. Kisiwa hicho kina mti wake wa asili ambao hauoti mwituni mahali pengine popote duniani. Mti huo ni alama ya kisiwa. Ilikuwa imebaki miti elfu mbili na ushei katika vijisitu viwili tu. Hapo ndipo otezia alipoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alionekana kwenye miti hiyo. Mamia ikaharibika, mingine ikafa. Hesabu ilikuwa wazi: wakichelewa, mti huo ungetoweka mwituni.

Kupiga dawa misitu mizima kulikuwa hakuwezekani. Wataalamu wakakumbuka kwamba Kenya kuna yule mbawakawa wa mijakaranda. Kabla ya kumpeleka, walimchunguza kwanza: je, atakula kitu kingine kisichotakiwa kuliwa? Wakakuta anamtegemea otezia kwa uzazi wake. Mwaka 1993 wakasafirishwa wachache, wakavuka bahari kwa meli, wakafugwa kisiwani mpaka wakawa wengi, kisha wakaachiwa kwenye miti. Kufikia mwaka 1995 otezia walikuwa wamepungua sana, na miti iliyobaki ikapona.

Sikiliza jinsi anavyofanya kazi. Jike la mbawakawa hutaga mayai yake juu ya jike la otezia. Mtoto wake akianguliwa huingia ndani ya ule mfuko wa nta, humo humo ambamo dawa yangu haikufika, akaanza kula mayai ya mwenye nyumba. Akishakua kidogo, humla na mwenye nyumba mwenyewe. Mfuko uliojengwa kuwa ngome unageuka kuwa ghala la adui.

Nilipoyajua hayo, nikakumbuka wale mbawakawa waliokauka kwenye vumbi la kitalu. Sikuwa nimewapeleka nguo zao kwa fundi wala kuwapimia jina, lakini walikuwa pale pale penye otezia, na mimi ndiye niliyewafyeka.

Hilo halikunipata mimi peke yangu. Kule kule California, katika miaka ya 1940, wenye mashamba walianza kutumia dawa mpya ya DDT kwenye michungwa yao. Mbawakawa wekundu wakafa, na yule mdudu gamba wa pamba, aliyekuwa amesahauliwa kwa zaidi ya miaka hamsini, akarudi kwa kishindo. Ilibidi watu wapunguze dawa na kuwarudisha mbawakawa.

SISIMIZI NDIYE MLINZI WA ADUI

Sasa kuna mtu wa tatu katika ugomvi huu, naye ni sisimizi. Wengi wakiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mti, husema, "Hawa ndio wanaoula." Wengine husema kinyume chake: "Waache, wanakula wale wadudu." Wote wamekosea. Sisimizi wanafuata ile asali. Na kama mfugaji anavyomlinda ng'ombe wake, sisimizi huwafukuza mbawakawa na nyigu wanaokuja kuwala wadudu gamba. Bustani yenye sisimizi wengi, maadui wa asili hawapati nafasi ya kufanya kazi.

Wakulima wa kahawa nchini Kenya walilijua hilo kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1920 kidung'ata mmoja alivamia mibuni yao. Wakulima walifunga mikanda ya grisi kwenye mashina ili sisimizi wasipande. Ilisaidia, lakini haikutosha. Wataalamu walitafuta maadui wake mbali, hata bara la Asia, na kila walioletwa hawakufaulu. Kumbe walikuwa wamemkosea jina: walidhani ni mdudu mwingine. Mwaka 1935 mtaalamu R. H. Le Pelley alimtambulisha kuwa ni aina ya peke yake, na kwao ikaonekana ni jirani tu, Uganda. Nyigu wadogo waliotolewa Uganda mwaka 1938, wale wanaotaga ndani ya mwili wa kidung'ata, ndio waliomaliza kazi.

Funzo lake ni moja kwako na kwangu: kabla ya kutafuta dawa, mjue kwanza mdudu wako ni nani. Ukikosea jina, utakosea na tiba.

WEWE UFANYE NINI?

Haya basi, umekuta vidudu vyeupe kwenye ua lako. Fuata hatua hizi.

Jambo la kwanza, chuchumaa utazame. Usipige kitu chochote siku hiyo. Geuza majani, tazama vijiti karibu na shina. Je, wapo vijimbawakawa vya mviringo, mfano wa nusu ya punje ya dengu, vyekundu, vyeusi au vya madoa? Je, yapo magamba makavu yenye tundu dogo la duara, kama lililotobolewa kwa sindano? Tundu hilo ni mlango aliotokea nyigu mdogo baada ya kumla mdudu ndani. Ukiona hayo, maadui wa asili wamekwisha fika. Jukumu lako ni kutowasumbua.

Angalia hapa usikosee. Watoto wa baadhi ya mbawakawa hawa nao wamefunikwa na nta nyeupe, wanafanana na vidung'ata kabisa. Namna ya kuwatofautisha: mguse kwa ncha ya jani. Kidung'ata huenda pole pole sana au hatikisiki. Mtoto wa mbawakawa kwa kawaida ni mwepesi, hukimbia, na nta yake mara nyingi ni ndefu yenye ncha ncha. Huyo mwache.

Jambo la pili, waondoe sisimizi. Kwenye mti, zungushia shina ukanda wa karatasi ngumu au nailoni, kisha paka grisi juu ya ukanda huo. Usipake grisi kwenye gome lenyewe, utaliunguza. Kata matawi yanayogusa ukuta au uzio, maana sisimizi akikosa ngazi hutafuta daraja. Kwa maua ya kopo, yaweke juu ya meza na usimamishe miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji. Badilisha maji hayo mara kwa mara, yasije yakazaa mbu.

Jambo la tatu, punguza wadudu kwa mkono. Kata vijiti vilivyojaa kupita kiasi. Kama humo hamna mbawakawa, vichome au vifukie. Visivyokatwa, vipanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, au vimwagie maji kwa nguvu uwaangushe. Sabuni ya maji kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji inatosha. Jaribu kwanza kwenye majani machache na usubiri siku mbili, maana yako maua ambayo majani yake huungua. Fanya jioni, jua likishapungua, na hakikisha maji yamefika upande wa chini wa jani. Rudia baada ya juma moja, kwa sababu mayai yaliyo ndani ya nta hayatakufa mara ya kwanza. Na kumbuka, sabuni haichagui: kijiti chenye watoto wa mbawakawa usikipige.

Jambo la nne, gawanya marafiki. Ukiona kopo moja lina mbawakawa wengi na jingine halina, kata kijiti chenye watoto wa mbawakawa ukifunge kwenye lile lisilo nao. Lakini fanya hivyo ndani ya ua wako tu. Usibebe kijiti chenye wadudu ukakipeleka kijiji kingine kwa nia njema. Utakuwa umebeba na ugonjwa pamoja na dawa. Na kuleta mdudu kutoka nchi ya nje, hata akiwa rafiki, ni kazi ya wataalamu wenye kibali, baada ya uchunguzi. Mliona wenyewe, hata yule wa St Helena alichunguzwa kwanza.

Jambo la tano, chunga mlango. Mche mpya usiuchanganye na mingine siku hiyo hiyo. Uweke peke yake kama majuma matatu au manne, ukiutazama. Kipandikizi cha jirani kitazame kabla ya kumwambia asante. Wenye mipapai hasa, wauangalie ua wao wa hibiskasi: kidung'ata wa mpapai, ambaye kwao ni Mexico na aliyeingia Afrika Mashariki katika miaka ya 2010, hukaa kwenye hibiskasi pia, akasubiri. Unasafisha mpapai, kumbe chanzo kiko mlangoni.

Na dawa kali je? Sisemi kwamba haina mahali pake. Lakini iwe ya mwisho, kwa ushauri wa bwana shamba au bibi shamba wako, na iwe kwa mmea ule ulioathirika peke yake. Ukipiga bustani nzima kwa ajili ya makopo mawili, umewalipa wema kwa ubaya wale waliokuwa wanakusaidia.

MWISHO WA KISA CHA KITALU

Wengi mtataka kujua yule mama aliishia wapi. Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka kama rula. Miche ishirini na mbili ya mijakaranda tuliichoma moto, ilikuwa imekwisha. Iliyobaki tuliisimamisha juu ya meza, miguu ya meza ndani ya makopo ya maji. Tuliipangusa mmoja mmoja kwa kitambaa, mimi na yeye na mtoto wake, kila Jumamosi jioni. Katika ukingo wa kitalu palikuwa na kichaka cha lantana ambacho bomba langu halikufika. Humo tulikuta mbawakawa wachache wamesalimika. Tukakata vijiti, tukavifunga kwenye miche.

Mwezi wa kwanza sikuona tofauti, na kusema kweli nilitamani kuchukua bomba. Mama ndiye aliyenizuia. "Mwanangu," akaniambia, "safari hii tuwape nafasi na wao." Mwezi wa tatu mifuko ya nta ilianza kuonekana mitupu. Otezia hawakuisha wote, na hawatakiwi kuisha wote, maana wakiisha kabisa mbawakawa naye atakufa njaa, na siku otezia akirudi hatamkuta mtu. Shule ilikubali kusubiri, ikachukua miche thelathini na nane. Iliyopungua alipanda mingine msimu uliofuata. Ada ilichelewa, lakini ililipwa.

Kwa ufupi basi, ndugu mkulima, yashike haya. Mdudu gamba mgeni huzidi kwa sababu maadui zake hakuja nao. Pale ambapo maadui wameshaletwa au wamejifikia wenyewe, walinde. Sisimizi mzuie. Mche mpya utenge. Na kabla ya kushika bomba, chuchumaa kwanza utazame.

Kesho asubuhi, kabla ya kumwagilia, geuza jani moja la ua lako uone nani yuko chini yake. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaendelea na vidung'ata wa mihogo. Mpaka wakati huo, nawatakia kazi njema. Kwa herini.